Kamba ya Mkwe

Watu wote walimwita Nyasi, na jina lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtunza uwanja wa klabu ya ligi kuu, kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekuona, na ukiivuruga unaonekana nchi nzima kwenye televisheni. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na sita, alivua viatu akatembea peku kutoka goli hadi goli, nyayo zikimwambia wapi ardhi imekauka na wapi imelewa maji. Ukimuuliza habari za mkewe angekujibu hajambo, basi. Ukimuuliza habari za nyasi za pembeni kushoto, tafuta pa kukaa.

Hakuzaliwa pale. Alifika kijana, mbeba saruji, wakati jukwaa la kusini linajengwa. Siku yake ya pili akakanyaga mstari mbichi wa chokaa, na mzee aliyekuwa akiutunza uwanja akamjia mbio, reki mkononi. Kijana hakukimbia. Alipiga magoti, akaanza kuurudisha mstari kwa vidole, polepole, kama anashona. Mzee alisimama akamtazama, hasira zikamshuka, akampa reki. Baada ya miaka miwili akampa na binti. Watani walisema Nyasi alioa uwanja na mke akawa nyongeza, na mkewe ndiye aliyeupenda utani huo kuliko wote.

Walikaa vyumba viwili nyuma ya jukwaa la kusini, karibu na tangi la maji. Mkewe alizaliwa humo humo. Watoto wao wawili walikulia humo, wakaoa na kuolewa mbali, na nyumba ikabaki na watu wawili, kuku sita, na picha ya mzee ukutani.

Mzee alipokuwa kitandani, siku zake zimekwisha na yeye mwenyewe anajua, alimwita mkwewe, akamwambia avute kilichoko uvunguni. Ilikuwa kamba ya katani, nene kama kidole gumba, imezungushwa vizuri na kufungwa kwa kitambaa. Ncha zote mbili zilikuwa na kitanzi. Katikati haikuwa na alama yoyote. Ukitaka nusu unaikunja.

"Mita mia moja na moja," mzee alisema. "Huo ndio uwanja. Mistari itafutika, nguzo zitaoza, watu watabadilika. Kamba ikiwepo, uwanja upo. Usiiloweshe na usimwazime mtu."

Hakusema asiikate. Nani atamwambia mtu mzima asikate mguu wake?

Kazi ya kamba ilikuwa mara moja kwa mwaka, msimu ukiisha. Goli la kusini, lililo chini ya jukwaa, halikuwahi kuhamishwa. La kaskazini lilikuwa bondeni kidogo, mvua zote zilimalizikia hapo, na mbele yake hapakukosa matope. Kwa hiyo kila mwaka Nyasi aling'oa nguzo za kaskazini, akajaza udongo mpya, akapanda nyasi, kisha akaifunga kamba kusini na kuivuta kwa nguvu hadi kaskazini. Ilipoishia, hapo alizisimika nguzo upya. Mwaka wake wa kwanza nguzo moja ya mzee ilimkatikia mkononi, mbao zimeoza, kisiki kikabaki ardhini. Akakifukia, akaendelea na kazi. Na kwa kuwa kitanzi cha upande wa kaskazini ndicho kilichovutwa, kilichakaa upesi. Kila baada ya miaka miwili hivi alikitia kisu akafunga kipya, bila mawazo, kama mtu anavyokata kucha.

Zamani wakaguzi wa ligi walikuwa wakija kukagua kwa macho na kwa tumbo. Walitembea nusu uwanja, wakasifia, wakakaribishwa mezani, wakatia saini. Mpira ulikuwa mpira.

Kisha mpira ukahamia sokoni. Ukifungua redio asubuhi kusikia nani kafunga, unaambiwa nani kanunua. Hisa zimepanda, haki za matangazo zimeuzwa kwa miaka mitano, jezi ya tatu imezinduliwa, sijui ya nne inakuja. Klabu ikanunuliwa na Mwekezaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona isipokuwa kwenye skrini siku ya kutia saini. Alikuwa na klabu nyingine tatu katika nchi nyingine tatu, na huenda akizitazama zote siku moja kama mwenye vibanda anavyopita kufunga hesabu. Uwanja ukapewa jina la kampuni ya rangi za nyumba. Tiketi zikahamia kwenye simu, na kipa mstaafu waliyemwita Mikono, aliyeuza tiketi dirishani kwa miaka thelathini tangu atundike glavu, akaambiwa dirisha limefungwa. Mikono akawa mwenyekiti wa mashabiki, kwa kuwa mtu lazima awe kitu. Nguzo za mbao zikang'olewa, zikaletwa za chuma, zikazikwa kwenye zege palepale Nyasi alipozipima mara ya mwisho. Nyuma yake yakasimamishwa mabango ya umeme, nayo kwenye zege.

Mji ulipokubali kuiuza klabu ulitaka ahadi, na ahadi ilisomwa mbele ya umati: timu itacheza mechi zake za nyumbani hapahapa kwa miaka kumi, isipokuwa ligi ikitangaza kwamba uwanja haufai. Watu wakapiga makofi kwenye miaka kumi. Wanasheria wa Mwekezaji hawakupiga makofi, ila neno "isipokuwa" walilipigia mstari.

Haukupita mwaka, kila mtu akajua hamu ya Mwekezaji iko wapi. Iko kwenye uwanja mkubwa wa mji mkuu, wenye vyumba vya vioo kwa wageni wanaokuja kunywa na kusainiana mikataba, mpira wakiuona kwa bahati. Kwa hiyo ligi ilipotangaza ukaguzi mpya wa viwanja vyote, mji mzima ulijifunga kibwebwe. Mafundi bomba walikuja kutengeneza vyoo bure. Wapaka rangi wakapaka vyumba vya kubadilishia. Mikono alipita na daftari akihakikisha hakuna balbu iliyoungua. Mwisho alimjia Nyasi, akamshika bega.

"Kaka, yote tumemaliza. Zimebaki nyasi. Usituangushe."

Nyasi alizitunza zile nyasi kama mtu anayeuguza mtoto. Alimwagilia, akakata, akang'oa magugu kwa mkono, moja moja, akitambaa. Kula alikuwa akila amesimama. Mkewe alimletea sahani hadi kwenye mstari wa pembeni, akasimama naye hadi amalize, akairudisha nyumbani.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana aliyevaa viatu vya kazi. Alipiga magoti katikati ya uwanja, akatia kidole kwenye udongo, akanusa. Nyasi alipoona kidole kile moyo ukamtulia. Huyu alikuwa mtu wa kazi. Mashabiki mia hivi walikuwa wameruhusiwa kukaa jukwaani, na mkaguzi alipoandika alama za vyoo, alama za taa, alama za nyasi, Mikono alikuwa nyuma yake akichungulia na kuwaonyesha wenzake dole gumba.

Kisha mkaguzi akatoa mfukoni kifaa kidogo, saizi ya kiberiti, akakiweka kwenye mstari wa goli la kusini. Nukta nyekundu ikaenda kutua kwenye ubao mweupe ulioshikwa kaskazini. Akasoma. Akapima tena. Akaenda kaskazini akapima kurudi kusini. Alipomaliza alimfuata Nyasi na kusema naye kwa heshima, karibu kwa huruma.

"Mzee wangu, sijaona nyasi kama hizi msimu mzima. Lakini uwanja ni mfupi. Kanuni inataka mita mia. Hapa ni tisini na nane na sentimita sitini."

Nyasi alicheka. Alicheka kwa dhati, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha, kifaa cha kiberiti kumfundisha uwanja wake. Mkaguzi alieleza kwamba hakuja kwa kubahatisha. Ligi ilikuwa imeuza takwimu za mechi kwa kampuni ya nje, wachezaji wanavalishwa vifaa mgongoni vinavyohesabu kila hatua, na hesabu za uwanja huu pekee zilikuwa zinakataa kila wiki. Nyasi hakumsikiliza. Alikwenda nyumbani, akavuta kamba uvunguni, akairudisha mbio uwanjani kama anayeleta cheti cha ndoa.

Akaifunga kusini. Akaivuta hadi kaskazini. Kitanzi kikakaa kwenye nguzo sawasawa, pasipo hata nafasi ya kupitisha ukucha. Jukwaa likalipuka kwa makofi.

Mkaguzi alingoja makofi yaishe. "Kamba imefika," alisema. "Sasa kamba yenyewe ni mita ngapi?"

"Mia moja na moja."

Akaomba ruhusa, akarudi kusini, Nyasi nyuma yake, akaituma nukta nyekundu hadi kitanzi cha mwisho. Kamba nayo ilikuwa tisini na nane na sitini.

 Nyasi aliona nyuso zote zimegeuka kwake, Mikono mbele yao, na meneja wa klabu pembeni ameshika simu bila kuongea. Mkewe alikuwa bombani nyuma ya goli la kusini, ndoo imejaa, hajaifunga koki. Akili ya Nyasi ilitafuta pa kukimbilia, ikapata mlango mmoja tu ulio wazi.

"Basi alikosea mkwe wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Mimi nilipewa hivi hivi."

Mkewe alifunga koki, akanyanyua ndoo, akaondoka. Jioni alimwekea chakula mezani na kukifunika. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia.

"Baba yangu tulishamzika," alisema. "Leo umemfukua."

Baada ya hapo hakusema naye tena.

Bado lilikuwepo tumaini, na tumaini ndilo lililomtesa. Mkaguzi aliandika kwamba klabu ina siku kumi na nne: lihamishwe goli la kaskazini, yasogezwe mabango, apigiwe simu aje kupima upya. Alisema ni kazi ya siku tatu kwa fundi mwenye nyundo nzuri. Mikono akajitolea kuleta mafundi kumi. Kilichotakiwa ni ruhusa ya meneja tu, kwa kuwa nguzo na mabango vilikuwa mali ya kampuni ya Mwekezaji.

Siku ya kwanza meneja alisema watakaa waliangalie. Siku ya tatu alikuwa kwenye kikao. Siku ya sita alikuwa safarini, ingawa gari lake lilikuwa nje. Siku ya tisa Nyasi alimvizia mlangoni, akamwambia yuko tayari kuvunja zege mwenyewe kwa mikono yake, na meneja akamjibu bila kusimama kwamba akigusa bango hata moja ni polisi. Nyasi akarudi uwanjani akasimama mbele ya goli la kaskazini na nyundo mkononi, akakaa nayo hadi ikamchosha, akaiweka chini. Hakuwa mtu wa kuvunja. Usiku halali, mchana hali. Kila alipopita mlangoni kwake mkewe aliangalia pembeni.

Siku ya kumi na mbili aliingia ofisini bila kubisha, akapiga magoti kwenye zulia. Mtu wa miaka hamsini na nne, mwenye wajukuu. Akamwomba meneja kwa jina la mama yake, kwa jina la watoto wake, amruhusu kusogeza goli mita moja na nusu tu. Akasema yote ni makosa, lakini ni ya kamba, si ya mji. Mji haujakosea kitu.

Meneja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Nyasi baadaye alipolikumbuka. Alitoka nyuma ya meza, akamshika mkono, akamnyanyua.

"Simama, mzee wangu. Usijilaumu," alisema. "Kusema kweli umetusaidia sana. Wanasheria wetu wametafuta njia mwaka mzima."

Akafungua kabati, akatoa jezi mpya ya tatu, bado iko kwenye mfuko wake unaong'aa wenye nembo ya klabu, akampakatisha kama anayempa mtu zawadi ya arusi. Nyasi aliipokea. Kwa nini aliipokea hakujua hata yeye; mkono ulitumwa na adabu, kichwa hakikuwepo. Akatoka nje na mfuko ule mkononi, na getini walikuwa wamesimama Mikono na mashabiki ishirini waliokuja kungoja jibu.

Wakamtazama yeye. Wakautazama mfuko.

 Mikono alitema mate chini, karibu na viatu vya Nyasi, akageuka. Kesho yake ukuta wa ile nyumba ya vyumba viwili ulikuwa umeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: MUUZA UWANJA. Nyasi alipoufuta, wakaandika tena mchana, mbele yake, bila haraka. Siku ya kumi na nne ikapita. Redio ikatangaza kwamba klabu inahamia mji mkuu, na mtangazaji akaongeza kwamba kibiashara ni hatua kubwa. Waliobaki nyuma hakuwataja.

Sasa kulikuwa na habari mbili mjini, na mtu alichagua aipendayo. Waliomchukia Nyasi walisema alihongwa. Waliomhurumia walisema hapana, masikini, ni yule mzee wa zamani ndiye aliyepima ovyo, na huyu alirithi ujinga. Nyasi hakujua ipi inamchoma zaidi. Ya kwanza ilikuwa uongo. Ya pili aliianzisha yeye, na mkewe alikuwa akiisikia kila alipokwenda dukani.

Siku moja kabla ya malori ya kuhamisha vifaa kufika, mkewe alikuwa ametoka, na kuku hawana maji. Nyasi alichukua ndoo akaenda bombani. Mshikio wa chuma wa ndoo ile ulikatika zamani, ukawekwa wa kamba. Alipoinyanyua imejaa, kamba ilimkaza vidole, akaitazama. Ilikuwa ya katani, nene kama kidole gumba, imekatwa kwa kisu ncha moja, na ncha ya pili ina mabaki ya kitanzi. Kitanzi alichokifunga yeye. Fundo lile hakuna mtu mwingine mjini anayelifunga.

Akaiweka ndoo chini. Maji yakamwagikia miguuni.

Aligeuka akatazama nyumba yake kama mgeni. Mlango wa banda la kuku ulifungwa kwa kipande cha kamba. Geti dogo la ua, kipande. Dirisha la jikoni lisipigwe na upepo, kipande. Pazia limefungiwa kipande. Ufagio mkubwa umekazwa kwa kipande. Redio imetundikwa msumarini kwa kipande. Alifungua mafundo yote kwa ncha ya kisu kilekile, akavipanga vipande sakafuni pamoja na cha ndoo. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa rula ya shule. Haba na haba hujaza kibaba, tumefundishwa tangu utotoni. Hatukufundishwa kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Vilikuwa saba. Alipiga hesabu kichwani: miaka kumi na sita, kila baada ya miwili, lazima viwe vinane. Akainua macho. Picha ya mkwewe ilikuwa ukutani, mzee amevaa kofia, hacheki, na juu ya fremu, kutoka msumarini, imening'inizwa na kipande cha nane. Hicho hakukigusa. Asingeweza.

Alikaa sakafuni muda mrefu. Jiko lilikuwa na moto bado. Ilikuwa rahisi sana: katani kavu huungua upesi, na baada ya hapo hakuna mtu duniani atakayejua. Mzee amekufa, lawama haimuumi. Nyasi alivikusanya vipande saba, akavisogeza hadi mdomoni mwa jiko. Akalia pale kwa sauti, mtu mzima, kama hajawahi kulia tangu siku ya maziko ya mzee. Alikuwa ameupoteza uwanja, mji na mke, na sasa alitakiwa achague abaki nani: muuza uwanja, au mpumbavu aliyemsingizia maiti. Vipande vilikaa mdomoni mwa jiko hadi makaa yakapoa.

Malori yalikuja asubuhi, matatu. Watu walipakia magoli ya mazoezi, meza za matibabu, mabango ya umeme. Ndiyo, mabango, fundi mmoja na nyundo aliyang'oa kabla jua halijawa kali. Mashabiki walikusanyika kaskazini kuangalia, wengine wamevaa jezi kuukuu. Hakuna aliyeimba. Nyasi alipotokea kutoka upande wa nyumba yake, amebeba kitu kwenye kikapu, walimpisha kama mtu anavyompisha mwenye ugonjwa.

Hakumtazama mtu. Alipiga magoti kando ya nguzo, akaweka kipande cha kwanza kutoka kwenye mstari wa goli kuelekea nyuma. Akaweka cha pili ncha kwa ncha. Cha tatu. Aliponyoosha cha saba, Mikono alikuwa amesimama juu yake.

"Nini hiki?"

Nyasi alieleza. Alieleza vibaya, akirudia rudia, lakini alieleza: kitanzi kilichochakaa, kisu, kila baada ya miaka miwili. Akasema mzee alipima sawa. Akasema mbele ya wote kwamba yeye alimsingizia mzee kwa hofu, na kwamba mfuko ule ulikuwa na jezi, hajaufungua, atakayeutaka aje auchukue. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaacha.

"Kwa hiyo hukuuza," Mikono alisema.

"Sikuuza. Niliukata mwenyewe, kidogo kidogo."

Mikono aligeuka akalitazama goli. Yeye aliudaka mpira kwenye goli lile la mbao la zamani kwa miaka tisa, alijua. Hata aliwahi kusema, miaka ya karibuni, kwamba siku hizi makipa wanapiga mpira unafika mbali ajabu, na watu wakamtania kwamba ni uzee. Alimuuliza Nyasi kama kile kisiki cha nguzo ya mzee, ile waliyoiona wote ikikatika, kiliwahi kung'olewa. Nyasi akasema hapana, alikifukia. Mikono akachukua jembe kwenye lori, akachimba kipande cha saba kilipoishia. Udongo. Akachimba zaidi. Udongo mtupu.

"Kimebaki kimoja," Nyasi alisema. "Kimebaki kimoja, lakini siwezi kukileta."

Watu walianza kutazamana. Wapo waliotikisa kichwa. Ndipo wakasogea kumpisha mtu, na mtu huyo alikuwa mkewe. Alikuwa na picha ya baba yake chini ya kwapa, na mkononi kipande cha kamba. Aliinama, akakiweka mwisho wa cha saba, akakinyoosha kwa kiganja kama anakunjua shuka. Kisha akasimama pembeni.

Mikono alipiga jembe pale kilipoishia, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu jembe liligonga mbao.

Hakuna aliyeshangilia. Kisiki kilikuwa cheusi, kimeliwa na mchwa, kiko palepale mzee alipokiacha. Upande wa lami injini ya lori la kwanza iliwashwa, la pili, la tatu, na yakaondoka moja baada ya jingine, kwa kuwa malori hayakuja kusikiliza hadithi. Mikono alirudisha udongo kwa mguu, akaushindilia, akaondoka na watu wake bila kumuaga Nyasi, ila alipompita alimgusa bega. Wiki ijayo kampuni ingekuja kuchukua funguo za ile nyumba ya vyumba viwili. Barua ilikuwa imeshafika.

Nyasi alibaki amepiga magoti. Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi zake nzuri zimesimama kwa ajili ya hakuna mtu. Alianza kuviokota vipande, kimoja kimoja, akivirudisha kikapuni. Mkewe alimwangalia hadi akafika cha nne, kile chenye alama ya vidole.

"Hicho ni cha ndoo," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia sauti tangu siku ya ukaguzi. "Kirudishe. Kuku hawajanywa maji tangu jana."